SOMO: MASHINE YA KUKATA NYASI YENYE KISU CHA CHUMA
Kwa wanaokwenda kutafuta kibarua Kampala



Mvua zikianza, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Septemba, nyasi za Kampala huota upesi. Shule, makanisa, hoteli, viwanda na nyumba za wenye uwezo hutafuta watu wa kufyeka. Ndipo baadhi yetu hapa Nakivale hupanda gari la Mbarara, kisha basi la Masaka hadi Kampala. Zamani ukiwa na fyekeo lako na panga, umekamilika. Siku hizi msimamizi anakuuliza kwanza: "Mashine unaijua?" Na mtu mwenye kodi ya chumba kichwani hujibu, "Naijua."

Somo hili ni la mtu huyo. Kufyeka anajua, tena pengine kuliko msimamizi wake. Lakini anayazoea mambo ya fyekeo, na mazoea hayohayo ndiyo yanayoumiza watu kwenye mashine. Fyekeo hukata pale tu mkono unapofika. Mashine hii hukata pale kisu kilipo, na huumiza hata mtu aliye mbali nacho. Ukiyashika hayo mawili, mengine yote katika somo hili utayaelewa.

Mashine yenyewe ni bomba refu. Nyuma lina injini ndogo ya petroli, mbele lina giaboksi ndogo na kisu cha mviringo. Visu vingi vina upana wa milimita 255, yaani kama sahani ya kulia. Kisu cha namna hiyo kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha ya jino lake inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna basi la barabara ya Masaka linalofika mwendo huo. Jiwe dogo likiguswa na jino hilo huondoka kama risasi, na huwezi kuliona wala kulikwepa.

KISU GANI KWA KAZI GANI

Kwa nyasi laini, na hasa kando ya barabara, karibu na magari, madirisha au ukuta, kazi hiyo ni ya uzi wa nailoni. Uzi nao hurusha mchanga na vijiwe, lakini ukigonga jiwe au ukingo wa saruji hukatika wenyewe. Kisu cha chuma hakikatiki hivyo. Kinarusha jiwe, au kinameguka, au kinairudisha mashine kwako. Kisu cha chuma ni cha nyasi ngumu, magugu marefu, matete na vichaka, mahali palipo wazi. Cha meno mawili, matatu au manne ni cha nyasi ngumu na magugu. Chenye meno mengi madogo kama msumeno ni cha miti midogo. Usikate mti kwa kisu cha nyasi eti kwa sababu ndicho kilichopo.

Kisu cha chuma kinadai vitu vitatu kwenye mashine: kinga yake iliyotengenezwa kwa kisu, mkanda wa mabegani, na usukani wa mikono miwili kama wa baiskeli. Kama mashine ina kishikio cha duara tu, bila fimbo ya kuuzuia mguu wako usifike mbele, hiyo si ya kisu cha chuma. Mara nyingi utakuta kinga imefunguliwa na kutupwa kwa sababu "inazuia nyasi". Kinga haizuii kila jiwe, ila huzuia mengi yanayorudi kwenye miguu na uso wako. Mashine isiyo na kinga usiiwashe.

Mafundi wa Katwe tunawaheshimu. Wanatengeneza majiko, milango na mashine nyingi za kuwasaidia watu. Lakini kisu kilichochomelewa, kilichonyooshwa kwa nyundo, au kilichokatwa kutoka bati la gari kuukuu, usikifunge, awe amekitengeneza nani. Kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na kwa mwendo ule kipande kinaweza kutoka. Tena usikubali kichwa cha minyororo. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulikataza kuuzwa kwa vichwa hivyo, baada ya ajali iliyoua mtu.

NGUO ZA KAZI

Ndala hazifai. Viatu vya plastiki vilivyo wazi havifai. Vaa gambuti au buti ngumu, na ukipata zenye chuma kwenye vidole ni bora zaidi. Vaa suruali ndefu nzito, jinzi kwa mfano, shati la mikono mirefu, na glavu. Mitumba ya soko la Owino inatosha kwa nguo. Hakuna anayedai ziwe mpya. Kinachodaiwa ni kwamba zisining'inie: skafu, kamba za koti, mkufu na kanga kiunoni vyote viachwe nyumbani. Dada zetu wanaofanya kazi hii wafunge nywele ndani ya kofia.

Macho nayazungumzia peke yake. Miwani ya jua si kinga. Kioo chake kinaweza kupasuka ndani ya jicho. Ngao ya wavu inayofunika uso husimamisha vijiti na mawe, lakini mchanga mdogo hupita katika matundu yake. Kwa hiyo chini ya ngao vaa miwani ya kazi inayofunga pembeni. Masikio yazibe kwa vizibo au kwa vifuniko vya kazi. Ikiwa jioni ukifika chumbani masikio yanalia "nziiii", sauti ile imeshaanza kuyaharibu, na masikio yaliyokufa kwa kelele hayaponi.

MAFUTA

Soma maandishi ya kwenye mashine. Injini nyingi za aina hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili ya 2T. Zikiandikwa 50:1, kila lita moja ya petroli itiwe mililita 20 za oili. Zikiandikwa 25:1, itiwe mililita 40. Kwa jerikeni la lita 5 hiyo ni mililita 100 au 200. Petroli tupu huua injini ya namna hiyo kwa muda mfupi, na lawama itakuwa yako. Zipo pia injini zenye oili yake pembeni, kama pikipiki ya boda-boda. Hizo usizichanganyie. Kama hakuna maandishi, muulize mwenye mashine kabla ya kumimina.

Mimina injini ikiwa imezimwa na imepoa, nje, mbali na sigara na sigiri. Futa kilichomwagika, funga kifuniko, kisha sogea hatua nne au tano kabla ya kuwasha. Kampala wengi wetu tunalala katika chumba kimoja, kile wanachokiita muzigo. Watoto humo, jiko humo. Petroli isilale humo. Na isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu hawezi kusoma harufu. Akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja.

KUFUNGA KISU

Kwanza zima injini, kisha chomoa kofia ya plagi. Si moja kati ya hayo mawili, ni yote. Ingiza pini katika tundu la giaboksi ili mhimili usizunguke. Sasa angalia vizuri: nati ya kisu kwa mashine nyingi ina uzi wa kinyume. Kuilegeza unaizungusha kulia, na kuikaza unaizungusha kushoto. Mtu asiyejua hili huvuta spana kwa nguvu zote akidhani anafungua, kumbe anakaza, mpaka spana inateleza na ngumi inaishia kwenye jino la kisu.

Tundu la katikati la kisu lazima likae barabara kwenye kiti chake. Visu vya madukani vina matundu tofauti. Kuna ya milimita 20 na kuna ya milimita 25.4. Kisu chenye tundu kubwa kuliko kiti hukaa upande mmoja, na mashine hutetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Kutetemeka kwa namna hiyo ni mashine kukuambia uzime. Nati ambayo unaweza kuikaza kwa vidole tu imechoka, inunuliwe nyingine.

Kuna kipimo cha zamani cha kujua ufa usioonekana. Ning'iniza kisu kwenye msumari au kidole kilichovaa glavu, ukigonge taratibu kwa spana. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hulia kizito, kama sufuria iliyopasuka. Hicho kitupe, tena kikunje au ukizike ili mwingine asikiokote.

UWANJA KABLA YA KUWASHA

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo haraka ya kibarua huponza.

Kwa fyekeo unaanza kukata mara ufikapo, na ukigonga jiwe unasema "aa" na kunoa upya. Kwa mashine, tembea kwanza uwanja wote kwa miguu, mikono mitupu, macho chini. Nyasi za Kampala zimeficha mengi: vipande vya chupa, kavera zilizojaa taka, nondo zilizobaki baada ya ujenzi, waya wa seng'enge, mifupa, mfuniko wa mita ya maji. Okota unachoweza. Kisichookoteka, kama kisiki, kichuguu, bomba au mfereji, kisimikie kijiti kirefu chenye kitambaa ili ukione nyasi zikiwa ndefu. Waya ndio mbaya kuliko vyote. Ukishikwa na kisu hujizungusha, kisha ncha yake hupiga huku na huku kama mjeledi.

Kisha watu. Umbali unaotakiwa ni mita 15 pande zote, yaani hatua 20 za mtu mzima. Ndani ya duara hilo uko wewe peke yako. Hapo tunakutana na zoea jingine la fyekeo: kufyeka kwa safu, mabega karibu, huku tukipiga hadithi. Mkiwa na mashine mbili, mmoja awe upande huu na mwingine mita 15 mbali naye au zaidi. Askari wa geti anayependa kutazama, mama anayekusanya nyasi za mbuzi, watoto wanaotoka shule, wote wasubiri. Magari yaliyoegeshwa yasogezwe. Msimamizi akisema hakuna muda wa kusogeza gari, mwulize kwa heshima ni nani atakayelipa kioo.

Kando ya barabara usifanye peke yako. Mwenzako asimame nje ya duara, atazame boda-boda na wapita njia, na akuashirie uzime. Mpatane ishara mapema. Yeye aje kwa mbele daima, aonekane, angoje kisu kisimame. Asije kwa nyuma kukugusa bega: masikio umeziba, utashtuka na kugeuka, na kisu kitageuka pamoja nawe.

KUWASHA NA KUKATA

Laza mashine chini mahali safi, kisu kisiguse kitu. Ishike kwa mkono mmoja uiegemee, usikanyage bomba lake. Vuta kamba. Ikishawaka, iache ikiunguruma taratibu na utazame kisu. Kisu lazima kisimame tuli. Kikizunguka bila wewe kubonyeza mafuta, mwendo wa chini umewekwa juu mno au klachi imechoka. Zima, upeleke kwa fundi.

Mkanda uvae hivi: ndoano ikae upande wa kulia, upana wa kiganja chini ya nyonga, na kisu kining'inie karibu sawa na ardhi bila mikono kukibeba. Ukichoka mgongo baada ya nusu saa, mkanda haukukaa vizuri. Jifunze kuufungua kwa haraka kabla ya kuwasha, mara tatu au nne, mpaka mkono ujue wenyewe, maana mashine ikishika moto hakuna wakati wa kutafuta kifungo.

Sasa jambo la saa. Ukikitazama kisu kutoka juu, kwa mashine nyingi kinazunguka kinyume cha mishale ya saa. Fikiria saa ya ukutani imelazwa juu ya kisu, namba 12 ikielekea mbele yako. Sehemu nzuri ya kukatia ni upande wa kushoto, kati ya namba 8 na namba 11. Sehemu mbaya ni mbele kulia, kati ya namba 12 na namba 3. Ukigusa kisiki, mti au jiwe kwa sehemu hiyo, mashine inapiga teke: hutupwa kulia na nyuma ghafla, na huna nguvu ya kuizuia.

Sisi wasema Kiswahili tuwe waangalifu hapa. Hizo ni namba zilizoandikwa kwenye saa, si saa tunazozitaja mdomoni. Msimamizi akieleza kwa Kiingereza, na mwenzako akakutafsiria "usiguse kwa saa kumi na mbili mpaka saa tatu", wewe utaitazama saa yako na kukuta namba 6 mpaka namba 9. Huo ni upande wa pili kabisa. Utakimbia sehemu salama na kukata kwa sehemu ya teke. Kwa hesabu yetu, sehemu ya hatari ni saa sita mpaka saa tisa. Nashauri mtu achore duara chini kwa kijiti aonyeshe kwa kidole, hapo lugha haiwezi kudanganya.

Kata kwa kupeleka kisu kutoka kulia kwenda kushoto, kama upinde, kisha rudi, piga hatua fupi, rudia. Usiinue kisu juu ya kiuno. Nyasi ndefu kuliko wewe zikate mara mbili, juu kwanza, halafu chini. Kwenye kilima, na Kampala ni mji wa vilima, tembea kukingama mteremko, usipande na kushuka nao, hasa asubuhi kabla umande haujakauka. Usikate ukirudi kinyumenyume. Pumzika kila baada ya dakika 30 hivi, maana mikono iliyokufa ganzi haishiki sawasawa. Ukisikia nyuki kichakani, zima, fungua mkanda, ondoka, mashine itakungoja.

KISU KIKIKWAMA AU KIKIGONGA

Nyasi zikijisokota kwenye kisu, mkono wenyewe hutaka kwenda kuzing'oa. Kwa fyekeo ni sawa. Kwa mashine, kumbuka kwamba kisu huendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya kuachia mafuta. Zima, ngoja kisimame kabisa, chomoa kofia ya plagi, kisha ondoa nyasi kwa kijiti. Ukigonga jiwe au chuma, hata kama mashine inaendelea vizuri, fanya vivyo hivyo na utazame kama kuna ufa, jino lililomeguka au nati iliyolegea. Usimalizie "kale kasehemu kadogo kaliyobaki" kwanza.

MTU AKIUMIA

Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunguafungua kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Moto wa petroli: zima nguo, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Hospitali ya Kiruddu, upande wa Makindye, hutibu majeraha ya moto.

Jicho likichomwa na kitu, usilisugue, usikichomoe. Funika kwa kikombe cha karatasi au kitu kama hicho kisichogusa jicho, kisha kimbiza mgonjwa. Mulago wana idara ya macho, na hospitali ya Mengo pia. Twende siku hiyohiyo. Jicho lililosubiri hadi Jumatatu mara nyingi halitazami tena.

KUHUSU MWAJIRI

Wengi mmeniuliza kama mkimbizi ana haki ya kudai vifaa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na haitofautishi mwenyeji na mgeni. Tena ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, juu ya malipo ya aliyeumia kazini. Lakini vibarua vingi ni vya mdomo tu, na baada ya ajali mwenye uwanja husema hakujui. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuwasha, andika katika daftari jina la aliyekuajiri, namba yake ya simu, mahali pa kazi, tarehe, na mlivyopatana. Nakala muachie mtu unayelala naye chumba kimoja au umtumie ndugu aliyebaki kambini. Kitambulisho chako cha ukimbizi kiwe mfukoni, kimefungwa katika kavera kisiloe jasho.

Na kwa aliyejibu "naijua" na hajui: kuna jibu jingine ambalo wasimamizi wengi hulikubali, nimelisikia likifanya kazi. "Fyekeo nalijua vizuri, mashine nionyeshe mara moja." Anayekataa kukuonyesha kwa dakika kumi, mwachie mashine yake, ufyeke kwa mkono au utafute uwanja mwingine.